Hela Zilizolala kwa Masanja

Watu wengi hulia jeneza linaposhuka. Mimi kwenye msiba wa Mama Nkwimba, mwezi uliopita, nililia wakati wa matangazo. Tulikuwa kwao Nkololo, kaburi limeshafukiwa, wanawake tumekaa kwenye mikeka, na msemaji wa familia akasimama kusema yale yanayosemwa kwenye kila msiba wa kwetu: shukrani kwa kwaya, mahali pa kunawia, utaratibu wa chakula, kisha, "Kama kuna mtu anamdai marehemu, au marehemu alikuwa anamdai yeye, ajitokeze aonane na familia." Hakuna aliyeinuka. Mtu mmoja akakohoa. Msemaji akasema basi, mama yetu ameondoka safi, na watu wakaitikia kwa kuridhika. Jirani yangu pale mkekani aliponiona nafuta macho kwa ncha ya kitenge akaninong'oneza, "Kabula, kwani wewe ulikuwa unamdai?" Nikamwambia hapana. Hakunielewa, na pale hapakuwa mahali pa kueleza, kwa sababu maelezo yenyewe yanachukua mwaka mzima.

Mwaka huo nilikuwa binti wa miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamenifungia mlango, nikaja Bariadi mjini kutafuta kazi yoyote isiyokuwa ya kupalilia pamba. Mama Nkwimba alinichukua kwenye hoteli yake. Naiita hoteli kwa sababu wote tuliiita hivyo. Ilikuwa chumba kimoja cha tofali za udongo, paa la bati, meza tatu na mabenchi yaliyochoka, na nyuma yake jiko la mafiga na stoo ndogo nilimolala mimi, kati ya gunia la unga na gunia la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya michembe najiona niko stoo ile nasikiliza panya. Tulikuwa nyuma ya Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo wateja wetu walikuwa watu wenye kesi. Mdai na mdaiwa waliokuwa wametoka kutukanana mbele ya hakimu walikuja kukaa meza moja, kwa sababu meza zilikuwa tatu tu, na mara nyingi aliyeshinda ndiye aliyemlipia mwenzake ugali. Nilijifunza sheria kwa kupitisha sahani. Nilijua talaka inakwendaje na shamba linapimwaje, na nilijua kwamba mtu akiagiza maziwa mgando kabla ya kuingia mahakamani ana imani na kesi yake, na akiagiza chai kavu hana.

Mama Nkwimba alikuwa mjane mfupi, mweusi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe mtoni. Hakuwa amesoma. Watoto wake walikuwa wamekua na kutawanyika. Alipika ugali wa mtama unaokaa tumboni mpaka jioni, dagaa, na majani ya kunde yaliyokaushwa tunayoyaita nsansa, akayatia karanga mpaka mtu anasahau kwamba hajala nyama. Alinipenda na alinichamba, vyote kwa siku moja. "Kabula," alikuwa anasema, "wewe umesoma mpaka umesahau kuosha sufuria."

Mteja wetu wa kila siku alikuwa Masanja, karani wa ghala la pamba, mwanamume mpole wa makamo aliyekuja saa saba mchana na kalamu sikioni. Alikula, akanawa, akasema "Wabeja, mayu," yaani ahsante mama, akaondoka bila kulipa. Wiki ya kwanza nilidhani anakopa. Wiki ya pili nikamwambia Mama Nkwimba kwamba yule kaka wa pamba amezoea vibaya. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Yule anakunywa maziwa," akasema.

"Maziwa gani? Anakula ugali na dagaa."

"Ng'ombe zangu ziko kwake."

Masanja hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alipanga vyumba viwili karibu na soko, na zizi hakuwa nalo. Ndipo nikaelezwa. Wasukuma tuna desturi ya kubilisa: unampa rafiki yako ng'ombe akufugie. Ng'ombe analala zizini kwake, yeye anakunywa maziwa, anachukua samadi, na siku moja unampa ndama kwa moyo wako. Lakini ng'ombe ni wako. Ugonjwa ukiingia zizini kwako, au wezi, utabaki na mali kwa mwenzako. Na zaidi ya mali, unabaki na mwenzako, kwa sababu watu waliopeana ng'ombe hawawezi kuachana hivihivi. Watazikana, wataozeshana, watoto wao wataitana ndugu. Mama Nkwimba alikuwa amefanya hivyo kwa hela. Kila mwisho wa mwezi alimpa Masanja faida ya hoteli, Masanja akaiweka kwenye akaunti yake ya benki, ileile aliyopitishiwa mshahara. Hela zikalala kwa Masanja, na Masanja akanywa maziwa, yaani akala mchana bure.

"Kwa nini usifungue akaunti yako?" nikamuuliza.

"Nilikwenda. Wakataka barua ya mtendaji, wakataka picha, wakataka kitambulisho, wakaniuliza mume wangu alikufaje. Nikawaambia mimi nimeleta hela, sijaiba. Nikaondoka."

Siku hizo simu za mkononi zilikuwa za watu wachache, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja hela zingekaa ndani ya simu. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa na chungu, mtungi, au mtu. Yeye alichagua mtu, na sikumwona mjinga. Masanja hakuwahi kukosea. Akiulizwa ziko ngapi alisema papo hapo, na Mama Nkwimba aliitikia kwa kichwa kwa kuwa alishazijua.

Hela zile zilikuwa na kazi. Kiwanja cha hoteli kilikuwa cha mzee mmoja aliyetaka kuuza na kuhamia Malampaka kwa mwanawe. Alimpa Mama Nkwimba nafasi ya kwanza, kwa bei waliyokubaliana, mpaka msimu wa pamba utakapoisha. Baada ya hapo angemuuzia mfanyabiashara wa mashine ya kusaga aliyekuwa anakuja kila juma kukipima kwa macho. Mama Nkwimba hakuwa na wasiwasi. Hela zilikuwa zimekaribia kutosha. Alishaanza kunionyesha mahali atakapoweka meza ya nne.

Masanja alikufa katikati ya msimu. Alishikwa na homa siku ya Jumatatu, akapelekwa hospitali, na kabla wiki haijaisha tulikuwa nyumbani kwa kaka yake, Maduhu, nje ya mji, tukikata vitunguu vya msiba. Mama Nkwimba alipika siku zote za matanga. Alimlilia Masanja kama mdogo wake wa tumbo moja, na mjane, Holo, alikuwa anaegemea bega lake kila jeneza linapotajwa. Holo alikuwa hajafika miaka thelathini, mwembamba, ana watoto watatu, na mdogo alikuwa bado ananyonya.

Siku ya kumaliza matanga Maduhu akasimama akatangaza kama ilivyo kawaida. Anayemdai marehemu ajitokeze. Anayedaiwa ajitokeze. Mwenye duka la mbolea akasema ana kidogo chake. Fundi cherehani akasema na yeye ana shati ambalo halijalipwa, watu wakacheka kwa huruma, na familia ikalipa palepale. Nikamfinya Mama Nkwimba ubavuni.

"Sema, mama."

"Niseme nini?"

"Hela zako."

Aligeuka akanitazama kana kwamba nimetema mate kwenye kaburi. "Mimi simdai Masanja," akasema polepole. "Masanja hakukopa kwangu. Nikisimama hapa niseme namdai, nitakuwa nimemwita nani?" Akarudi kwenye ugali wake. Maduhu akauliza mara ya mwisho, hakuna aliyejibu, na akatangaza mbele ya watu wote kwamba mdogo wake amelala bila deni la mtu.

Nimeyafikiria maneno yale miaka mingi kuliko nilivyofikiria mambo mengi yaliyonihusu mwenyewe. Hakukosea hata kidogo kwa mujibu wa mambo anayoyajua. Ng'ombe wa kubilisa si deni. Mwenye ng'ombe akifiwa na mfugaji wake hasimami msibani kudai. Anasubiri machozi yakauke, anakwenda na shahidi, anaonyesha ng'ombe wake, anamtambua kwa rangi, kwa pembe, kwa jina la mama yake. Kusimama kwenye matanga ni kumwambia marehemu hadharani kwamba hukuwahi kumwamini. Lakini ng'ombe ana rangi. Hela hazina. Noti zake alizompa Masanja zilikuwa zimeshaondoka benki ile siku ileile, zimelipia mbegu za mtu na nauli ya mtu mwingine, na kilichobaki kilikuwa maandishi yenye jina la Masanja peke yake.

Alisubiri kama desturi inavyotaka, kisha akaenda kwa Holo, nami nikafuatana naye kama shahidi. Tulikaa kwenye chumba chao cha mbele, chenye kochi moja na kalenda ya kampuni ya mbegu, tukanyweshwa uji wa ulezi. Holo hakuzunguka. "Zipo, mayu. Tunajua wote ndani ya nyumba hii. Kila mwezi alikuwa ananiambia, leo nimepeleka ng'ombe za Mama Nkwimba." Wakalia kidogo, wakacheka kidogo, na mimi nikaona yamekwisha. Kesho yake Holo alikwenda benki akiwa na kadi ya mumewe. Wakamwambia pole sana, akaunti ya marehemu haiguswi mpaka mahakama itamke msimamizi wa mirathi. Akaambiwa kwamba hata yeye, mke, kwa sasa hana chake mle ndani.

Kwa hiyo kesi ikatufuata mpaka hotelini. Kikao cha ukoo kilimpendekeza Holo kuwa msimamizi, lakini Maduhu aliposikia kiasi kilichomo akaja mahakamani kupinga hela kwenda kwa mtu wa nje ya ukoo. Simlaumu Maduhu sana sasa. Alikuwa na watoto wengi na pamba mwaka ule ilikuwa ya shida, na kila mtu hujikuna ajipatapo. Alikuwa anakula kwetu siku za kesi, meza ya mlangoni, na Mama Nkwimba alikuwa anamwekea mchuzi wa kutosha kama mteja yeyote.

Karani wa mahakama alikuwa kijana aliyependa dagaa na kupenda zaidi kufundisha. Siku moja Mama Nkwimba alimkalia mbele na kumuuliza waziwazi hela zake ziko wapi.

"Mama, hata Masanja hakuwa na hela mle benki," karani akasema huku anatoa vichwa vya dagaa. "Ukiipa benki noti, zinakuwa za benki. Wewe unabaki na haki ya kuidai benki ikulipe kiasi hicho. Basi. Masanja alikuwa anaidai benki. Wewe unamdai Masanja. Watoto wanarithi lile dai la baba yao, wakishawalipa wanaomdai."

"Kwa hiyo hakuna mwenye hela?"

"Mwenye hela ni aliyezishika sasa hivi. Wengine wote wana madai."

Mama Nkwimba akamtazama kwa masikitiko. "Na mtu akisema simdai mtu, nataka changu tu?"

"Hana kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari, mama."

"Ng'ombe hana daftari," akajibu, "na kwetu hajapotea." Akainuka akaenda kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Hakimu alikuwa mama kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, hajui Kisukuma, mwenye subira na miwani. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza, wote wafugaji. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, dirisha lake limeelekea jikoni kwetu, na asubuhi hiyo, kwa kuwa hoteli ilikuwa imefungwa, kila mtu alikuwa anasikia njaa. Mama Nkwimba aliapa, akasimama wima na kitenge chake kipya.

"Fedha hizi ulimkopesha marehemu?" hakimu akauliza.

"Hapana, mheshimiwa."

"Ulimpa zawadi?"

"Hapana."

"Mlikuwa na biashara pamoja?"

"Hapana. Zilikuwa zinalala kwake."

Watu waliokuwa nyuma wakacheka. Maduhu akaruhusiwa kuuliza, akauliza vizuri kuliko mawakili niliowaona baadaye maishani. "Siku ya matanga ulikuwepo?" Alikuwepo. "Nilitangaza wenye madai wajitokeze?" Alitangaza. "Ulijitokeza?" Hakujitokeza. "Basi, mheshimiwa, kama alikuwa na hela alinyamazia nini? Alitulia tu mpaka aliposikia benki kuna kitu."

Nikaitwa mimi. Mdomo wangu, namshukuru Mungu, haujawahi kutetemeka. Nikaeleza kwamba nilimwona akimpa hela kila mwisho wa mwezi. Mmoja wa wale wazee wa baraza, mzee mwenye sikio moja lililokatika ncha, akainama mbele akaniuliza kitu ambacho hakimu hakukitegemea.

"Binti, maziwa alikuwa anakunywa nani?"

"Masanja," nikasema. "Alikula kila siku mchana na hatukuchukua hela yake hata siku moja."

"Na nyumbani walijua?"

Holo akajibu kutoka alipokaa, kabla hajaruhusiwa. "Tulijua. Alikuwa akirudi anasema ameshakunywa maziwa." Hakimu akamwonya kwamba atapewa zamu. Wazee wawili wakatazamana, na mimi nikajua, kama wateja wetu wote wa siku nyingi walivyojua, kwamba kwao kesi ilikuwa imekwisha. Ilibidi wamweleze hakimu kubilisa ni nini, na ilichukua muda, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamsahihisha mwenzake.

Hakimu aliandika, akavua miwani. "Nimeelewa desturi. Naamini kwamba fedha zilitoka kwako, mama. Lakini iliyo kwenye akaunti ya marehemu iko kwenye mirathi yake. Mirathi inalipa watu wa namna mbili, wadai na warithi. Wewe si mrithi. Ukisema ni amana, bado unamdai marehemu akurudishie. Nami siwezi kumlipa mtu anayeniambia kwa kiapo kwamba hadai. Je, unamdai marehemu Masanja, au humdai?"

Mama Nkwimba akarudia kwamba zilikuwa zinalala kwake. Hakimu akaahirisha shauri, akamwambia akafikiri.

Siku chache baadaye Holo alikuja jikoni, asubuhi, mtoto mgongoni. Alikaa kwenye kigoda akaanza kuchambua kunde bila kuombwa. Nilikuwa stoo, na ukuta ule haukuzuia neno.

"Mayu, usiliseme lile neno," akasema. "Tulitangaza mbele ya watu kwamba baba yao amelala safi. Kesho wanangu wataambiwa baba yenu alizikwa na deni la mwanamke wa hotelini. Unajua watu wanavyosema. Subiri tugawiwe. Fungu langu na la watoto nitakaloshika, nitakurudishia kidogo kidogo. Nakuapia."

"Najua utarudisha, ng'wanawane," yaani mwanangu.

"Basi niamini. Kama ulivyomwamini yeye."

Mama Nkwimba akaketi akachambua naye. Nilisikia kunde zikidondoka kwenye ungo. Mwishowe akasema kwamba mwenye kiwanja amekuja jana, kwamba msimu unaisha, kwamba Maduhu akishashika fungu lake halitarudi hata kwa mkuki. "Nilimwamini mume wako na hakunitenda ubaya," akasema. "Alikufa tu. Na wewe unaweza kufa, Holo." Holo alimaliza ungo mzima wa kunde, akaupangusa, akaondoka. Hakunywa chai.

Usiku ule Mama Nkwimba aliniuliza mimi nionavyo. Nikamwambia aseme. Nikamwambia kwamba neno halimrudishii marehemu uhai wala halimwondolei heshima, na kwamba kiwanja kikienda tutakwenda wote. Leo, nikiwa mtu mzima mwenye duka langu Nyalikungu na akaunti mbili zenye jina langu, mtu akiniuliza nitamjibu hivyohivyo. Sheria ilikuwa inampa mlango mmoja tu, na mlango ule ulikuwa wazi. Lakini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sikuwa na rafiki wa kumpa ng'ombe, kwa hiyo kwangu lilikuwa neno kama maneno mengine.

Siku ya pili ya kesi mahakama ilijaa. Mama Nkwimba hakuvaa kitenge kipya. Hakimu akamuuliza swali lake lilelile. Mama Nkwimba akamtazama Holo, Holo akatazama mikono yake.

"Namdai," akasema.

"Sema kwa sauti, mama, niandike."

"Namdai Masanja." Sauti ile ya kuitia ng'ombe ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Ndipo akalia, na hata Maduhu akainamisha kichwa. Sikuwahi kumwona akilia mbele ya watu ila msibani, na kwa namna fulani huo nao ulikuwa msiba.

Zamu ya Holo ilipofika, hakimu alimuuliza kama anakubali dai. Angeweza kukana. Maduhu alikuwa anamtazama kwa macho ya kumtaka akane, na kila mtu alijua kwamba akikubali watoto wake watabaki na mshahara wa mwisho wa baba yao na kochi. Holo akasema anakubali lote, akataja kiasi mpaka senti ya mwisho, kikawa sawa na alichotaja Mama Nkwimba. Yule mzee wa sikio lililokatika alitingisha kichwa akasema kwa Kisukuma, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba Masanja alikuwa ameoa.

Hela zilitoka wiki ya mwisho ya msimu. Tulikwenda benki watatu, Holo na barua yake ya usimamizi, Mama Nkwimba, na mimi wa kusoma karatasi. Ukumbi wa benki ulikuwa na feni moja na harufu ya dawa ya sakafu, na walinzi walitusemesha kwa heshima kwa sababu ya mhuri wa mahakama. Holo alitia sahihi hapa na pale. Keshia akahesabu, akampa yeye, naye bila kuzigusa zaidi akampitishia Mama Nkwimba palepale dirishani.

"Haya, mayu," akasema. "Hatudaiani."

Keshia akatabasamu. Kwake lilikuwa neno zuri, ndilo neno ambalo kila mtu mwenye biashara angependa kuambiwa. Mimi mwenyewe nilitabasamu, mpaka nilipomwona Mama Nkwimba. Alikuwa amezishika hela za kiwanja chake kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefukuzwa nyumbani. Akatuvuta pembeni, kwenye benchi la wanaosubiri. Akatenga noti fungu zuri, zile zilizozidi bei ya kiwanja ukijumlisha faida ya hoteli ya tangu Masanja afe, akamnyooshea Holo.

"Chukua hizi."

"Za nini?"

"Si zawadi. Si mkopo. Ni zangu." Sauti yake ilikuwa inamwomba. "Zikalale kwako. Unywe maziwa, wewe na watoto."

Holo alizitazama zile hela. Nilidhani atazichukua, mtoto mgongoni alikuwa amechakaa nguo, na kodi ya vyumba viwili ilikuwa juu yake peke yake. Akaukunja ule mkono wa Mama Nkwimba taratibu, vidole juu ya noti, kama mtu anayemfunga mgonjwa bendeji.

"Zipeleke pale dirishani, mayu," akasema. "Wale watakupa karatasi."

Akakaza mbeleko ya mtoto, akamuaga mlinzi, akatoka.